Mwongozo Kamili wa Kuhesabu Samaki na Viumbe Wengine Kwenye Miamba ya Matumbawe ya Tanga

Majedwali mengi yanayoandikwa na vikundi vya vijiji na wanafunzi baada ya kuzamia kwenye miamba yetu yana kasoro ile ile: idadi ipo, eneo halipo. Mtu anaandika kwamba ameona pono 40 karibu na Yambe, na mwaka unaofuata anaandika kwamba ameona 25, kisha anahitimisha kuwa pono wamepungua. Huenda wamepungua, huenda pia mwaka wa pili aliogelea nusu ya umbali wa mwaka wa kwanza. Ni sawa na kusema shamba limetoa magunia 10 bila kutaja ekari. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kuokolewa baadaye na hesabu za ofisini, kwa hiyo mwongozo huu unajikita kwenye jambo hilo: kuhesabu ndani ya eneo linalojulikana, kwa mwendo unaojulikana, kwa utaratibu ambao timu nyingine inaweza kuurudia.

Njia inayoelezwa hapa ni ya ukanda: tepu ya mita 50 hutandikwa juu ya mwamba, na viumbe huhesabiwa ndani ya upana uliopangwa pande zote mbili za tepu. Inafaa kwa miamba ya kina cha mita 2 hadi 10 ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kwenye maeneo tengefu, yaani yaliyofungwa kwa uvuvi, kama Ulenge, Kwale na Maziwe, na vilevile kwenye miamba iliyo wazi kwa uvuvi ambayo mtaitumia kulinganisha. Silikanti mwenyewe, samaki aliyeipa hifadhi jina, msitarajie kumwona. Kwa kawaida huishi kwenye vilindi vya takriban mita 100 au zaidi, na ukanda wenu haufiki huko.

Vifaa vinavyohitajika

Kusanyeni vyote kabla ya kupanga siku, kwa kuwa kifaa kimoja kikikosekana mkiwa baharini siku nzima huwa imepotea.

- Tepu 2 za mita 50, za nyuzi za plastiki. Tepu ya chuma hushika kutu na kukata vidole.
- Mbao za plastiki nyeupe za kuandikia, moja kwa kila anayehesabu na moja ya akiba, zilizosuguliwa kwa msasa laini ili penseli ishike. Karatasi isiyolowa ni bora zaidi ikipatikana.
- Penseli 2 kwa kila ubao, zimefungwa kwa uzi. Penseli isiyofungwa huelea juu, na aliye chini hubaki bila kalamu.
- Bomba la plastiki la urefu wa mita 1, lililotiwa alama kila sentimita 10.
- Miwani ya kuzamia, bomba la kupumulia na mapezi yanayomtosha kila mmoja.
- Boya dogo lenye kamba na chubwi, la kuonyesha mwanzo wa mstari.
- Kifaa cha GPS au simu yenye uwezo huo ndani ya mfuko usiopitisha maji.
- Saa isiyoingiza maji na kipima kina.
- Tochi ndogo ya majini, kwa ajili ya kuchungulia mapangoni.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la Bandari ya Tanga.
- Boti, nahodha anayeujua mwamba husika, jaketi okozi kwa kila aliyemo, maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza na chupa kubwa ya maji ya moto. Sababu ya chupa hiyo inaelezwa mbele.

Glavu hazimo kwenye orodha, na zimeachwa makusudi. Aliyevaa glavu hujishikilia kwenye matumbawe bila kufikiri. Asiyezivaa hujitunza, na mwamba hutunzika pamoja naye.

Timu ndogo inayofanya kazi vizuri ni ya watu wanne: mmoja wa kuhesabu samaki, mmoja wa kutandika tepu ambaye pia ataangalia viumbe wasio na uti wa mgongo, mmoja wa kubaki botini akiandika nyakati, na nahodha. Mkitumia mitungi ya hewa, kila anayezama awe na cheti cha uzamiaji. Hakuna udhuru hapa. Mkitumia bomba la kupumulia tu, chagueni sehemu ambazo kina hakizidi mita 4 maji yakiwa yamekupwa.

Hatua ya 1: Vibali na ridhaa ya kijiji

Maji ya hifadhi yanasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994, na kazi yoyote ya utafiti ndani yake huhitaji kibali. Andikeni barua kwa uongozi wa hifadhi mkieleza mahali, tarehe, njia ya kuhesabu, na kwamba hamtachukua kiumbe chochote. Mkikusudia kuchukua hata gamba tupu, lisemeni waziwazi, kwa kuwa ruhusa ya kuhesabu haijumuishi ruhusa ya kuchukua. Utafiti wa kitaaluma huhitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia.

Baada ya hapo nendeni kwenye kikundi cha usimamizi wa rasilimali za fukwe cha kijiji husika, kiwe cha Kigombe, Tongoni au kwingineko. Sababu si adabu peke yake. Wavuvi wenye madema au nyavu karibu na mwamba wakijua mpo, watawaepuka. Wasipojua, watawadhania kuwa wavuvi haramu wa kuzamia, na pwani iliyoishi na milipuko ya baruti kwa miaka mingi haina subira na watu wasiojulikana wanaozama kwenye miamba.

Dalili ya mafanikio: mna barua mkononi, na mzee mmoja wa kijiji ameshawaambia ni upande gani wa mwamba mkondo huvuta.

Hatua ya 2: Kuchagua siku na saa

Hapa ndipo safari nyingi huharibika kabla boti haijasukumwa majini.

Chagueni siku za maji mafu, yaani zile zinazoangukia karibu na robo ya kwanza na robo ya mwisho ya mwezi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa Tanga huzidi mita 3, na maji yote hayo yanapopita kati ya visiwa huleta mkondo unaomsukuma mzamiaji nje ya mstari na kutifua mchanga. Maji mafu hutembea kidogo na huwa angavu zaidi. Ndani ya siku hiyo, anzeni kama saa moja kabla ya maji kusimama, mmalize kabla hayajaanza kukimbia upande wa pili.

Kwa majira ya mwaka, miezi ya mwisho wa kaskazi kabla ya mvua, pamoja na kipindi cha utulivu baada ya kusi, yaani Oktoba na Novemba, ndiyo inayofaa. Katikati ya kusi bahari huchafuka. Wakati wa masika Mto Zigi na Mto Pangani humwaga maji ya udongo, na miamba iliyo karibu na midomo yake hukaa na ukungu kwa siku kadhaa hata baada ya mvua kukatika.

Hesabuni kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Alfajiri na jioni samaki wa mchana na wa usiku hupishana, na hesabu za saa hizo haziwezi kulinganishwa na za mchana.

Mkifika, pimeni uwazi wa maji kabla ya jambo lolote: mmoja ashike ubao mweupe, mwenzake arudi nyuma na tepu mpaka ubao upotee machoni. Ikiwa ni chini ya mita 5, ahirisheni. Najua mafuta ya boti yameshanunuliwa, lakini samaki wasioonekana watahesabiwa kama samaki wasiokuwapo, na jedwali hilo litapotosha kuliko kukosa jedwali kabisa.

Hatua ya 3: Kukubaliana juu ya orodha

Msijaribu kuhesabu kila aina. Miamba ya pwani yetu ina mamia ya aina za samaki, na anayetaka kuziandika zote hutazama ubao kuliko anavyotazama maji. Chagueni makundi kama 10 yanayosema jambo kuhusu hali ya mwamba:

- Wanaovuliwa sana: chewa, tembo, changu, mlea, mkundaji.
- Wanaokula mwani: pono, tasi, kangaja, puju.
- Wanaotegemea matumbawe hai: vipepeo wa baharini.
- Kikande, ambaye huwekwa peke yake.

Kikande anastahili safu yake kwa sababu ni mlaji mkubwa wa urchini, wale viumbe wa mviringo wenye miiba. Utafiti wa muda mrefu kwenye miamba ya Kenya umeonyesha kwamba anapovuliwa akaisha, urchini huongezeka, hutafuna uso wa mwamba na kuumomonyoa. Kwa hiyo kikande wachache pamoja na urchini wengi kwenye jedwali moja ni habari moja, na mtu anayehesabu samaki peke yake ataipata nusu.

Kwa viumbe wasio na uti wa mgongo, orodha ya kutosha ni hii: urchini wa miiba mirefu, urchini wa miiba mifupi, majongoo bahari, kambakoche, pweza, makombe makubwa ya jenasi ya Tridacna, konokono tritoni, na yule kiti cha pweza mwenye miiba aitwaye taji la miiba, anayekula matumbawe.

Kwa kila jina, andikeni pembeni jina la familia la kisayansi: chewa ni Serranidae, changu ni Lethrinidae, pono ni Scaridae, tasi ni Siganidae, kangaja na puju ni Acanthuridae, kikande ni Balistidae. Kaeni na wavuvi wa kijiji mkiwa na picha, mwulize kila mmoja jina analotumia. Mmoja wenu akiita changu kila samaki wa rangi ya kijivu, na mwingine akiita hivyo aina moja tu, hesabu zenu hazitakutana.

Hatua ya 4: Mazoezi ya macho, kwanza nchi kavu

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha jedwali linaloaminika na lisiloaminika.

Zoezi la kwanza ni la upana. Ukanda wa samaki una upana wa mita 5, yaani mita 2.5 kila upande wa tepu. Tandikeni tepu ufukweni, simameni juu yake, kila mmoja achomeke kijiti pale anapodhani mita 2.5 zimefika, kisha pimeni. Anayechomeka kwenye mita 3 anahesabu mita za mraba 300 huku akiandika 250, na hivyo kila idadi yake imezidishwa kwa asilimia 20 bila yeye kujua. Rudieni mpaka vijiti vyote viangukie kwenye lengo au karibu kabisa nalo, halafu rudieni zoezi hilo hilo ndani ya maji, maana huko jicho hudanganywa.

Zoezi la pili ni la urefu wa samaki. Kwa miwani ya kuzamia, kitu kilicho majini huonekana kikubwa kwa takriban theluthi moja. Samaki wa sentimita 30 huonekana kama wa 40. Kosa hilo lingekuwa dogo kama tungeishia kwenye urefu, lakini uzito wa samaki huongezeka kwa kadiri ya urefu uliopandishwa takriban kwenye kipeo cha 3. Ukimwandika samaki wa sentimita 20 kuwa wa 25, uzito utakaokokotolewa unakaribia mara mbili ya uzito wake halisi. Hivi ndivyo miamba maskini hugeuka kuwa tajiri kwenye ripoti.

Tengenezeni samaki wa mbao au wa bomba la plastiki kama 20, wa urefu tofauti kati ya sentimita 8 na 60, mwafungie chubwi wasielee, mwapange chini bila mpangilio. Kila mhesabuji apite akiandika urefu wa kila mmoja, kisha mlinganishe na urefu wa kweli. Dawa ya macho ni lile bomba la mita 1 lenye alama: likiwa majini pamoja na samaki, kwa umbali ule ule, nalo huonekana limekuzwa kwa kiasi kile kile, kwa hiyo litumieni kurekebisha jicho kila mnapoanza mstari mpya.

Msiandike urefu kwa sentimita moja moja. Tumieni madaraja ya sentimita 10: 1 hadi 10, 11 hadi 20, na kuendelea. Kwa samaki wanaozidi sentimita 50, kadirieni urefu wa kila mmoja, kwa kuwa chewa mmoja mkubwa anaweza kubeba uzito kuliko kundi zima la wadogo.

Dalili ya mafanikio: wahesabuji wawili wakipita juu ya samaki wale wale wa mbao, madaraja yao yanafanana kwa angalau samaki 8 kati ya 10. Wasipofanana, mwenye tofauti aandike nyakati siku hiyo.

Hatua ya 5: Kuweka mistari

Pangeni angalau mistari 4 kwa kila mwamba na kwa kila kina, na mwamba mmoja ulio nje ya eneo lililofungwa kwa kila mwamba ulio ndani, wenye umbo na kina kinachofanana. Kulinganisha ukingo wenye mteremko na uwanda wa mchanga na vichaka vya matumbawe hakutaonyesha nguvu ya ulinzi. Kutaonyesha tofauti ya makazi.

Mahali pa kuanzia pasichaguliwe na macho. Mzamiaji huvutwa na penye uzuri, na mistari yote huishia juu ya matumbawe bora. Pangeni nukta za kuanzia kwenye ramani kabla ya safari, nahodha awapeleke hapo, na pale boya litakapotua ndipo mtakapoanza, alimradi ni mwamba na si mchanga mtupu. Mstari ufuate kina kimoja, na kati ya mwisho wa mstari mmoja na mwanzo wa mwingine acheni angalau mita 10, ili samaki yule yule asihesabiwe mara mbili.

Nanga itupwe mchangani, kamwe isitupwe juu ya mwamba. Kama hakuna mchanga karibu, nahodha abaki na boti ikielea.

Kwenye ubao andikeni tarehe, saa, kina kilichopimwa, uwazi wa maji, jina la mhesabuji na nukta ya GPS kwa nyuzi za desimali. Nyuzi za latitudo za Tanga zianze na alama ya kutoa, kama -5 na sehemu zake, na longitudo ni 39 na sehemu zake. Alama hiyo ikisahauliwa, mwamba wenu utaonekana kwenye ramani ukiwa nchi kavu, kusini mwa Ethiopia. Na si jambo la nadra. Kina nacho hakina maana bila saa, kwa kuwa mita 3 za maji yaliyokupwa zinaweza kuwa 6 bamvua likijaa. Jedwali la maji ndilo litakalowasaidia kurekebisha jioni.

Hatua ya 6: Kuhesabu samaki

Mhesabuji wa samaki huogelea mbele, na mwenzake humfuata nyuma akifungua tepu. Utaratibu huu una sababu: tepu ikitandikwa kwanza, anayeitandika huwafukuza samaki kabla hawajahesabiwa. Mkilazimika kutandika kwanza, ondokeni hapo na subirini dakika 15 ndipo mrudi kuhesabu.

Mwendo uwe mita 5 kwa dakika, hivyo mita 50 zichukue kama dakika 10. Anayekwenda kasi huwakosa waliojificha, anayekawia huhesabu wageni wanaoingia ndani ya ukanda baada ya yeye kufika. Mwenye tepu ndiye anayeshika mwendo. Akimgusa mhesabuji pezi mara moja, maana yake apunguze, mara mbili aongeze.

Kanuni za kuhesabu ni hizi.

Hesabu walio mbele yako, ndani ya mita 2.5 kila upande, kuanzia chini mpaka mita 5 juu ya mwamba. Samaki aliyekuwa ndani ulipomwona kisha akatoka huhesabiwa. Anayetokea nyuma yako hahesabiwi, hata awe chewa wa ndoto zako. Wapo samaki wanaomfuata mzamiaji kwa udadisi, na ukiwahesabu utakuwa umepima udadisi wao.

Anza na wanaokimbia. Ukitupa macho mbele kama mita 10, andika kwanza wakubwa na wenye woga, kama chewa, puju na tembo, ndipo ushuke kwa waliotulia karibu na matumbawe.

Kundi kubwa usilihesabu mmoja mmoja. Hesabu 10, ona 10 hao wanachukua nafasi gani ndani ya kundi, kisha uone nafasi hiyo inaingia mara ngapi. Kundi la tasi la 120 litakuwa na kosa la makumi, na hilo linavumilika; kosa lisilovumilika ni kuandika neno "wengi".

Kundi lisilokuwapo liandikwe sifuri. Pengo tupu kwenye jedwali haliambii msomaji kama hapakuwa na kikande au kama mhesabuji alisahau kumtafuta.

Tahadhari moja kuhusu tafsiri: mahali panapovuliwa kwa bunduki za mishale, samaki hujifunza kumkimbia mtu, na mahali palipofungwa kwa muda mrefu humsogelea. Sehemu ya tofauti mtakayoiona kati ya ndani na nje ya eneo tengefu ni ya woga huo. Andikeni kwenye maelezo kama samaki walikimbia mapema, hasa chewa na pono wakubwa.

Hatua ya 7: Kuhesabu viumbe wasio na uti wa mgongo

Tepu ikiwa imeshatandikwa, rudini kwa njia ile ile mkihesabu hawa. Ukanda sasa ni wa mita 2 tu, mita 1 kila upande, sawa na mita za mraba 100. Upana umepunguzwa kwa kuwa viumbe hawa hujificha, na jicho haliwezi kupekua kila ufa ndani ya mita 5. Bomba la mita 1 likilazwa kando ya tepu ndilo mpaka. Kilicho nje yake kiacheni, hata kiwe kambakoche wa kilo mbili.

Mmoja achukue upande wa kulia, mwingine wa kushoto. Inameni, chungulieni chini ya meza za matumbawe, mmulike kwenye mapango. Msigeuze mawe na msivunje tawi lolote. Mkono usiingizwe ndani ya shimo kwa sababu yoyote ile, kwa kuwa mkunga, samaki mrefu anayeuma, hukaa humo.

Pweza atawashinda mara nyingi. Tafuteni rundo dogo la magamba na vipande vya kaa mbele ya tundu. Hilo ni jiko lake. Wanaochokoa pweza huko Kigombe na Mwambani hulitambua kwa mbali, na kama kuna mtu mmoja wa kumwomba awafundishe kabla ya safari, basi ni mama au kijana anayechokoa pweza. Tundu lenye rundo lakini lisilo na pweza liandikwe kwenye safu yake, lisijumlishwe na pweza walioonekana.

Kambakoche na aina nyingi za majongoo bahari hutoka usiku. Hesabu ya mchana itakuwa ndogo kuliko idadi ya kweli, na hilo si tatizo alimradi miaka yote mhesabu mchana. Tatizo ni mwaka mmoja mchana, mwaka mwingine magharibi.

Urchini wakiwa wengi mno, kama inavyotokea kwenye miamba iliyovuliwa kupita kiasi, hesabuni ndani ya mita za mraba 10 pekee, yaani mita 5 za kwanza za tepu, na andikeni wazi kwamba eneo la kundi hilo ni mita za mraba 10. Asiyeandika hivyo atagawanya baadaye kwa 100.

Kuhusu hatari: konokono wa umbo la pia wenye magamba mazuri yenye michoro wasiokotwe, hata wakionekana wamekufa, kwani aina fulani ya konokono hao ina sumu inayoweza kuua mtu mzima, aliyechomwa akimbizwe hospitali mara moja, asiachwe peke yake, aangaliwe kupumua. Aliyechomwa na samaki-jiwe au taji la miiba ndiye mwenye kuhitaji ile chupa: mguu au mkono uliochomwa uzamishwe kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yasiyozidi nyuzijoto 45, yajaribiwe kwanza na mtu mwingine kwa mkono wake, kwa dakika 30 hadi 90, huku boti ikielekea nchi kavu na kisha hospitali. Joto hilo hupunguza nguvu ya sumu na maumivu. Mkojo na petroli, ambavyo hupendekezwa sana mabotini, havisaidii kitu.

Hatua ya 8: Jioni ile ile

Suuzeni mbao kwa maji baridi, zipigeni picha kabla ya kufuta chochote, kisha mwandike kila kitu kwenye daftari au kompyuta kabla ya kulala. Kesho yake hakuna atakayekumbuka kama alama ile ilikuwa 1 au 7. Anayesoma ubao asiwe yule anayeandika. Akisoma kwa sauti, makosa hujitokeza yenyewe.

Jedwali liwe na mstari mmoja kwa kila kundi la samaki kwa kila daraja la urefu kwa kila ukanda, na safu ya eneo isiachwe tupu hata mara moja.

Hatua ya 9: Kutoka idadi hadi wingi kwa hekta

Tuseme kwenye mistari 4 mmehesabu pono 6, 0, 11 na 3. Jumla ni 20, wastani ni 5 kwa ukanda. Ukanda mmoja ni mita za mraba 250, na hekta moja ina kanda 40 za namna hiyo, kwa hiyo wingi wa pono ni 200 kwa hekta.

Sasa tazameni kinachotokea yule wa sifuri akiachwa. Jumla ni ile ile 20, lakini mkigawanya kwa 3 mnapata wastani wa 6.7, na wingi unapanda hadi takriban 267 kwa hekta. Samaki zaidi ya 60 kwa hekta wamezaliwa kutokana na pengo tupu kwenye karatasi.

Andikeni pia jinsi hesabu zinavyotawanyika. Kwa mfano huu mkengeuko wastani ni takriban 4.7, karibu sawa na wastani wenyewe. Maana yake, mwaka ujao mkipata wastani wa 4 au wa 7, hamna haki bado ya kusema pono wamepungua au wameongezeka. Dawa ni kuongeza mistari: 8 ni bora kuliko 4, na mistari 8 mifupi iliyofanywa kwa uangalifu ni bora kuliko kuzamia mara moja kwa muda mrefu sehemu moja.

Uzito kwa hekta ukihitajika, chukueni katikati ya kila daraja la urefu na mtumie viwango vya urefu na uzito vya aina husika. Kama mmehesabu kwa familia na si kwa aina, semeni hivyo kwenye ripoti, kwa kuwa makadirio hayo yatakuwa ya jumla.

Hatua ya 10: Kurudisha matokeo na kupanga marudio

Nakala moja iende kwenye ofisi ya hifadhi, nyingine kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za fukwe, iliyoandikwa kwa majina ya samaki yanayotumika kijijini na si kwa familia za kisayansi peke yake. Ambatanisheni data ghafi pamoja na wastani. Anayekuja baada yenu atataka kuona zile sifuri.

Marudio yafanyike mwezi ule ule wa mwaka, robo ile ile ya mwezi mwandamo, saa zile zile, na ikiwezekana kwa wahesabuji wale wale. Ikilazimu kubadilisha mhesabuji, mpya na wa zamani wahesabu pamoja angalau mistari 4 kwa kufuatana bega kwa bega, kila mmoja na ubao wake, na tofauti zao ziandikwe kwenye jedwali la mwaka huo kabla ya jina la zamani kuondolewa.